Uzi wa Neva Haufi kwa Njaa

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana kisukari, huu ni mwaka wa kumi na moja. Tangu mwaka jana analalamika kwamba nyayo zinamwaka moto usiku, na mchana nyayo hizohizo zina ganzi, hata juzi alikanyaga msumari asijue mpaka tulipoona damu. Hospitali tuliambiwa mishipa ya fahamu inakufa kwa kukosa chakula. Nataka kuelewa zaidi ya hapo. Mshipa wa fahamu unakufaje hasa? Kwa nini imeanzia miguuni? Kama umekufa, hayo maumivu yanatoka wapi? Na wanasayansi wamefika wapi?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Umeuliza maswali manne, na la kwanza ndilo lililoyabeba mengine, kwa hiyo nitakaa hapo kuliko kwingine.

Hilo mliloambiwa si uzushi. Ndivyo tulivyofundishwa wengi wetu, na ndivyo vitabu vilivyoandika kwa zaidi ya miaka mia moja. Ila ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyogeuza utafiti huu juu chini: uzi wa neva haufi kwa njaa, unajiua. Ndani yake mna chombo cha kazi hiyo. Kinakaa kimefungwa maisha yote ya mtu mwenye afya, na siku kikifunguka, uzi haumalizi muda mrefu.

Nianze na umbo, maana bila umbo huwezi kuona kwa nini ni miguu. Mshipa wa fahamu ukiuona kwa macho ni kama kamba nyeupe. Ndani ya kamba hiyo mna maelfu ya nyuzi, na kila uzi ni mkono mmoja mrefu wa seli moja. Uzi huo ndio tunaouita aksoni. Seli inayohisi kwenye kidole gumba cha mguu, mwili wake hauko mguuni kabisa. Uko chini mgongoni, pembeni mwa uti wa mgongo, na kutoka hapo uzi wake unateremka bila kiungo mpaka kwenye ngozi ya kidole, karibu mita moja kwa mtu mzima. Mwili wenyewe wa seli una upana wa milimita 0.05 hivi. Sasa ikuze akilini seli hiyo mpaka iwe kubwa kama mpira wa miguu. Uzi wake, kama ni ule mwembamba wa kuhisi maumivu na joto, utakuwa na unene wa penseli, na urefu wa kilomita 4 na ushei.

Karibu vyote vinavyotumika kule mwisho vinatengenezwa kwenye ule mpira, kisha vinasafirishwa. Ndani ya uzi mna reli za protini na vibebaji vinavyotembea juu yake. Mizigo ya haraka huenda milimita 200 hadi 400 kwa siku, kwa hiyo kilichoondoka mgongoni leo kinafika kidoleni baada ya siku tatu hadi tano. Lakini protini za kiunzi, zile zinazoupa uzi umbo lake, hujikokota milimita moja hivi kwa siku. Fanya hesabu mwenyewe: safari ya karibu miaka mitatu.

Hapo swali lako la pili limeshajibika. Chochote kinachoharibu kiwanda, reli au vibebaji, kiwe sukari, pombe, dawa au upungufu wa vitamini, athari yake huonekana kwanza mahali palipo mbali zaidi. Ugonjwa huu hauchagui mguu, unachagua urefu. Ndiyo maana huanzia vidoleni, ukapanda kwenye nyayo, ukapanda muundini, na kwa kawaida ganzi inapokaribia magoti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Madaktari wanasema ugonjwa umevaa soksi na glavu. Uso ni karibu na makao makuu, ndiyo maana umesalimika.

Sasa tuje kwenye kifo chenyewe.

Mwaka 1850 daktari Mwingereza, Augustus Waller, alichapisha alichokiona kwenye ulimi wa chura. Aliuchagua ulimi kwa sababu ni mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, hivyo nyuzi za neva zinaonekana kwa hadubini. Alikata neva zinazokwenda ulimini, akawa anatazama siku baada ya siku. Sehemu iliyobaki imeungana na mwili wa seli ilisalimika. Sehemu ya mbele ya mkato, ile iliyotengwa, ilianza kuganda kama maziwa yaliyochacha, ikakatika vipande, ikatoweka. Akakata shauri kwamba mwili wa seli ndio unaoulisha uzi. Ukiukata, umeunyima chakula. Hitimisho lilikuwa safi, likaeleweka, likakubalika. Mpaka leo kuoza huko kwa uzi uliokatwa kunaitwa kwa jina lake.

Lakini mtu akikaa mbele ya hadubini muda wa kutosha, kuna kitu kinamkera. Nimelitazama tukio hili mara nyingi. Unaotesha seli za neva za panya katika sahani, nyuzi zinatambaa kuelekea ukingoni kama mizizi, kisha unazikata kwa wembe. Saa ya kwanza, ya pili, hata ya sita, huwezi kuutofautisha uzi uliokatwa na mzima. Mizigo bado inapita ndani yake. Halafu, mara nyingi baina ya saa ya nane na ya kumi na mbili, unaona uvimbe mdogo hapa, mwingine pale, uzi unakuwa kama ushanga. Ukirudi kutoka kunywa chai, ushanga umekatika, punje zimetawanyika, na ni uzi wote kwa pamoja. Kitu chenye njaa hakifi hivyo. Chenye njaa hudhoofu taratibu. Hiki kilitulia, kikasubiri, kisha kikaanguka kwa mkupuo.

Kwa binadamu ni vilevile. Mtu akikatwa mshipa mkononi, ukiusisimua kwa umeme chini ya jeraha katika siku mbili za mwanzo, msuli bado unaruka. Baada ya wiki moja na ushei hauruki tena.

Aliyetoa jibu ni panya, na alipatikana kwa bahati. Miaka ya 1980 watafiti wa Oxford walikuwa wanachunguza seli za kinga zinazoingia kwenye neva iliyokatwa kusafisha uchafu. Katika jamii moja ya panya wa maabara waliona jambo lisilowezekana: neva ilikatwa, wiki mbili zikapita, nyuzi bado zipo, na bado zinapitisha umeme. Panya wa kawaida nyuzi zake zingekuwa makapi siku ya pili. Taarifa ilichapishwa mwaka 1989. Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba seli za kinga za panya hawa ni goigoi. Wakawapandikizia uboho wa panya wa kawaida, maana seli hizo huzaliwa humo. Hakuna kilichobadilika, nyuzi ziliendelea kugoma kufa. Tatizo, au niseme baraka, lilikuwa ndani ya neva yenyewe.

Hebu fikiria maana yake. Uzi wa panya huyu umekatwa kama wa wengine, na mwili wa seli hauuletei kitu kama wengine. Kama wengine wanakufa kwa njaa, yeye anakula nini?

Ilichukua miaka kumi na miwili kuipata jeni. Mwaka 2001 kundi la mtafiti Michael Coleman lilionyesha kwamba kwenye kromosomu ya 4 ya panya huyo, kipande cha uzi wa urithi kilijirudia mara tatu, na kwenye maungio jeni mbili zikaunganika zikatoa protini moja chotara ambayo haikuwahi kuwepo. Nusu ya chotara huyo yenye umuhimu ni kimeng'enya, yaani protini inayogeuza kemikali moja kuwa nyingine, kiitwacho NMNAT1. Kazi yake ni kuchukua malighafi iitwayo NMN na kuigeuza kuwa NAD. Na NAD, kwa asiyeijua, ni kemikali ambayo mwili unaweza kuitengeneza kutokana na vitamini B3, na kila seli huihitaji ili kugeuza chakula kuwa nguvu.

Kwa kawaida NMNAT1 hukaa ndani ya kiini cha seli. Chotara alipotea njia, sehemu yake ikafika kwenye uzi. Na kule kwenye uzi kuna ndugu yake, NMNAT2, anayefanya kazi ileile lakini ana kasoro moja kubwa: haishi muda mrefu. Baada ya saa chache anavunjika, na lazima mwingine aletwe kutoka kwenye mwili wa seli. Hilo lilithibitishwa mwaka 2010. Ukiukata uzi, NMNAT2 ndiye wa kwanza kuisha. Ukimwondoa peke yake kwenye seli bila kukata chochote, uzi mzima unaoza.

Kwa hiyo Waller hakukosea kabisa. Kuna kitu ambacho mwili wa seli hukileta na kikikosekana uzi unakufa. Ila si chakula, ni mlinzi.

Mlinzi wa nini? Jibu lilitoka kwa nzi wa matunda. Maabara ya Marc Freeman, Marekani, ilitengeneza nzi wenye hitilafu nyingi mbalimbali za jeni, ikawakata neva mmoja mmoja, ikitafuta yule ambaye nyuzi zake hazifi. Kazi ya kuchosha macho. Waliompata alikuwa amepoteza jeni moja, na nyuzi zake zilizokatwa zilidumu karibu maisha yake yote. Panya waliotolewa jeni hiyohiyo nao nyuzi zao ziligoma kufa. Hiyo ilikuwa mwaka 2012, na protini inayotokana na jeni hiyo inaitwa SARM1. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa St. Louis, Marekani, likaonyesha inavyofanya kazi: SARM1 yenyewe ni kimeng'enya, na kazi yake ni kuvunja NAD.

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo penye uhondo. SARM1 hukaa kama pete ya vipande vinane, imejifunga. Ina tundu moja, na kuna funguo mbili zinazogombania tundu hilo. NAD ikiingia, pete inabaki imefungwa. NMN ikiingia, inafunguka. Mlinzi NMNAT2 akiwa kazini, NMN inageuzwa NAD kila mara, kwa hiyo ufunguo wa kufunga ni mwingi na wa kufungua ni haba. Mlinzi akiadimika, NMN inarundikana na NAD inapungua, mizani inageuka, SARM1 inafunguka. Ikishafunguka inaanza kula nini? NAD. Yaani ule ufunguo uliokuwa unaifunga. Kila inapokula, inazidi kufunguka. Ndiyo maana kuna ule utulivu wa saa kadhaa na kisha anguko la ghafla.

NAD ikiisha, nguvu inaisha. Pampu za ukuta wa uzi zinasimama, kalsiamu iliyokuwa imezuiliwa nje inamiminika ndani, na kalsiamu huwaamsha vimeng'enya vinavyokata kiunzi vipandevipande. Zile punje za ushanga. Kilichobaki ni usafi: seli za Schwann, zile zinazouviringishia uzi gamba lake la mafuta, zinalivua gamba hilo na kuanza kumeza makapi, na seli za kinga zinakuja kumalizia.

Utauliza, mwili unafuga silaha hiyo ya nini? Wazo moja ni usafi: uzi uliokatwa ukibaki unaziba njia ya uzi mpya, na kweli, kwa wale panya wa Oxford neva zilichelewa kuota tena. Wazo jingine linanivutia zaidi. Protini zenye kipande kama cha SARM1 zinapatikana kwenye bakteria na mimea, na huko ni silaha za vita: seli iliyovamiwa na virusi inavunja NAD yake yenyewe, inakufa, virusi wanakosa pa kuzaliana. Kuna virusi wanaosafiri kupitia neva, wa kichaa cha mbwa akiwa mmoja wao. Kuchoma daraja kabla adui hajavuka ni akili. Tatizo ni daraja linapochomwa wakati hakuna adui.

Labda unasema, haya ni ya panya na nzi. Basi sikiliza hili la binadamu. Miaka ya 1970 iliuzwa Marekani sumu ya panya iitwayo Vacor. Watu walioimeza na kunusurika walipata mambo mawili kwa haraka: kisukari na kufa kwa neva. Sumu ikaondolewa sokoni mwaka 1979, lakini kwa miaka arobaini hakuna aliyejua hasa inavyofanya kazi. Mwaka 2021 ikaeleweka: mwili huigeuza kuwa kemikali inayofanana na NMN, inayoingia kwenye lile tundu la SARM1 na kuifungua kwa nguvu. Neva za panya wasio na SARM1 zikiwekewa Vacor, hazioni kitu.

Sasa kisukari cha mama. Hakuna aliyemkata neva, kwa hiyo nani kavuta kifyatulio? Hapa picha haiko safi kama kule kwenye sahani, na usimwamini anayekuambia sababu ni moja. Sukari nyingi hugeuzwa ndani ya neva kuwa kemikali nyingine zinazoielemea, huganda kwenye protini, na huharibu mishipa midogo ya damu inayoilisha neva. Mafuta ya damu nayo huchosha mitokondria, yale majiko ya nguvu ya seli. Seli za Schwann zinaugua, reli zinalegea, na mahitaji ya uzi wenye urefu wa mita moja hayafiki kwa wakati. Huyo mlinzi anayedumu saa chache ni miongoni mwa wa kwanza kuadimika. Ushahidi kwamba njia ya SARM1 inahusika upo: panya waliofanywa kuwa na kisukari lakini hawana SARM1 hupungukiwa na madhara ya neva.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kudhibiti sukari hakusaidii aina zote sawasawa. Katika kisukari cha aina ya kwanza, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kuibana sukari kwa makini kulipunguza ugonjwa wa neva kwa asilimia 60. Katika aina ya pili faida ipo lakini ni ndogo zaidi kuliko tulivyotarajia. Ndiyo maana siku hizi tunatazama pia uzito, mafuta ya damu, mazoezi. Sukari peke yake haikuwa mshitakiwa pekee.

Visababishi vingine nitavipitia mbio. Dawa kadhaa za saratani hushika reli zenyewe: vinkristini huzivunja, paklitakseli huzikaza zisibadilike. Bakteria wa ukoma hujificha ndani ya seli za Schwann. Pombe, upungufu wa B12, upungufu wa B6 kwa wanaotumia izoniazidi ya kifua kikuu, na cha ajabu, B6 iliyozidi nayo huua neva. Kwa panya, kuondoa SARM1 huzikinga neva dhidi ya vinkristini na paklitakseli. Hapo ndipo matumaini ya dawa yalipo makubwa, kwa sababu siku ya sindano inajulikana na kinga inaweza kutolewa kabla.

Watu huniuliza kama ndiyo hadithi ya ubongo pia. Kwa sehemu. Kwenye ugonjwa wa Parkinson, nyuzi na ncha zake hufa kabla ya miili ya seli, na kwa magonjwa mengi ya aina hiyo mpangilio ni huo: mwisho wa uzi kwanza, mwili wa seli baadaye. Lakini panya wa mfano wa ugonjwa unaoua neva za misuli, wale wenye hitilafu ya jeni ya SOD1, walipoondolewa SARM1 hawakupata nafuu ya maana. Mimi lile tokeo lilinifundisha adabu. Mlango wa kifo si mmoja, na aliyeukuta mmoja asitangaze kwamba amefunga nyumba nzima.

Maumivu sasa. Uzi uliokufa kabisa hauumi. Unaouma ni ule ulio njiani. Ncha iliyojeruhiwa hupoteza utulivu wake wa umeme na kuanza kufyatua ishara bila sababu, na nyuzi jirani ambazo bado ni nzima huchokozwa na uchafu na kemikali za uvimbe zinazowazunguka waliokufa. Uti wa mgongo nao, ukipokea kelele hizo kila siku, unaongeza usikivu. Kwa hiyo mama yako hana mkanganyiko wowote anaposema panawaka na pana ganzi mahali palepale: ganzi ni ya nyuzi zilizokwisha, moto ni wa zinazokwenda. Amitriptilini, duloksetini, pregabalini na nyinginezo hupunguza kelele hiyo. Haziokoi uzi hata mmoja, na si vibaya ukalijua hilo ili usidhani dawa imeshindwa kazi ambayo haikupewa.

Tumefika wapi? Dawa kadhaa za kuizuia SARM1 zimetoka kwenye sahani na kuanza kupimwa kwa watu. Ya kuandikiwa mgonjwa hospitalini bado hakuna. Wakati huohuo kuna wanaouza vidonge vya NMN kwa madai kwamba vinaongeza NAD na kurudisha ujana. Umeshasoma hapo juu NMN hufanya nini ikirundikana kwenye uzi usio na mlinzi. Sisemi vidonge vimethibitika kudhuru neva. Nasema mimi nisingemnunulia mama yangu.

Kilichopo mkononi ni kwamba mwili wa seli, kule mgongoni, mara nyingi bado uko hai miaka baada ya ncha kufa, na neva za nje ya ubongo na uti wa mgongo zinaota tena, milimita moja hivi kwa siku zikiwa na afya. Kuna jaribio zuri la kupima hilo. Watafiti hupaka kwenye ngozi ya paja ile kemikali ya pilipili inayowasha, ikaua ncha za neva zilizo kwenye ngozi, kisha kila baada ya muda wanachukua kipande cha ngozi cha milimita 3 na kuhesabu zilizoota. Kwa mtu mzima wa afya zinarudi. Kwa mwenye kisukari zinarudi polepole zaidi, hata kama hajaanza kuhisi ganzi. Na utafiti mwingine, wa watu wenye sukari iliyopanda lakini haijafikia kisukari, uliwabadilishia chakula na mazoezi kwa mwaka mmoja: nyuzi kwenye ngozi ziliongezeka.

Mama yako amevuka hatua hiyo, sitakudanganya kwamba atarudi alivyokuwa. Lakini nyuzi zilizobaki zina thamani, na yale yaliyompata na msumari ndiyo yanayonitisha kuliko moto wa usiku, kwa sababu kidonda kisichouma ndicho kinachofika mfupani. Kila jioni mtu mwenye macho mazuri amtazame nyayo, na katikati ya vidole pia, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kisha mkirudi kliniki, ulizeni kama anatumia metformini, na kama anatumia, mara ya mwisho alipimwa lini vitamini B12. Dawa hiyo ikitumika miaka mingi inaweza kuishusha B12, na upungufu wake huleta ganzi na moto wa miguu unaofanana kabisa na wa kisukari. Nimekutana na wagonjwa waliobebeshwa kisukari lawama zote, kumbe nusu ya tatizo ilikuwa hiyo, na hiyo ina tiba.